Maswali ya kuchagua jibu katika violezo vya hati za ardhi: Namna ya kuyapanga

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo linazidi kuandikwa kwa kompyuta. Anayeandaa hati ya shamba au mkataba wa kuuziana nyumba anaweza kujibu maswali kadhaa, na programu ikamtengenezea waraka uliokamilika.

Waraka wa aina hiyo hutokana na kiolezo, yaani waraka mama wenye maneno ya kudumu na nafasi zinazojazwa kulingana na majibu. Yapo maswali ya kujaza jina, tarehe au kiasi cha fedha. Lakini swali lenye uzito mkubwa zaidi ni lile la kuchagua jibu, kwani ndilo linaloamua kifungu kipi kibaki ndani ya waraka na kipi kiondolewe.

Ofisi za wanasheria za Marekani na Uingereza zimetumia programu za namna hii, kama HotDocs, kwa miaka mingi. Hapa nchini, kuanzia mwaka 2014, mradi uliofadhiliwa na Shirika la Misaada la Marekani (USAID) ulijaribu katika vijiji vya Wilaya ya Iringa programu ya simu iliyoitwa MAST. Taarifa za mashamba zilikusanywa kwa simu, na mfumo mwingine uitwao TRUST ukaja kutumika kuchapa hati za kimila nyingi kwa mkupuo.

Kwa wakazi wa Mkoa wa Tanga jambo hili si la mbali. Wilaya ya Handeni ilikuwa miongoni mwa maeneo ya majaribio ya Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania (MKURABITA), ulioanzishwa mwaka 2004.

Swali la kwanza: ardhi ipo wapi?

Kilole ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Korogwe. Kiwanja cha mjini kilichopimwa huongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, na hati yake hutolewa kwa mamlaka ya Kamishna wa Ardhi.

Shamba lililo katika ardhi ya kijiji, kwa mfano huko Handeni, huongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Hati yake ya kimila husainiwa na Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji pamoja na mmiliki mwenyewe, kisha Ofisa Ardhi wa Wilaya huisaini, huigonga muhuri na kuisajili.

Kwa hiyo swali la mahali ilipo ardhi linapaswa kutangulia, na liruhusu jibu moja tu. Mengine yote hulitegemea. Mwenye kiwanja cha mjini hana haja ya kuulizwa jina la Mwenyekiti wa Kijiji.

Jibu moja au majibu mengi

Swali linalofuata ni la aina ya umiliki, nalo pia ni la jibu moja. Machaguo yake huwa ni mmiliki mmoja, wamiliki wa pamoja, wamiliki kwa hisa, mlezi kwa niaba ya mtoto, msimamizi wa mirathi, au taasisi.

Hapa ndipo penye hatari. Maneno "pamoja" na "kwa hisa" yanakaribiana masikioni, lakini sheria inayatenganisha. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki dunia haki yake hubaki kwa aliye hai. Katika umiliki kwa hisa, sehemu ya marehemu huenda kwa warithi wake. Mjane aliyedhani shamba litabaki mikononi mwake anaweza kujikuta akiligawana na ndugu wa mumewe, kwa sababu tu karani aligusa mstari usiostahili.

Dawa yake ni kuandika matokeo ndani ya chaguo lenyewe. Badala ya neno "Pamoja" peke yake, liandikwe: "Pamoja: mmoja akifariki, haki inabaki kwa aliye hai." Anayechagua "kwa hisa" afunguliwe swali jingine la kutaja hisa ya kila mmiliki, na programu ikatae kuendelea iwapo jumla ya hisa haitimii shamba zima.

Swali la majibu mengi hufaa pale ambapo mambo kadhaa yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, mfano vitu vilivyomo shambani: nyumba, kisima, miti ya matunda. Mtu huweka alama kwenye visanduku vyote vinavyohusika, na programu huunganisha majibu kwa mikato, kisha huweka neno "na" kabla ya la mwisho. Ikiwekwa "au", mnunuzi hatajua alichonunua.

Mkataba wa kuuza nyumba unahitaji pia swali la ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji akijibu kuwa ana ndoa, kifungu cha ridhaa kijitokeze chenyewe. Kwa kuwa sheria hiyo inatambua pia ndoa ya wake wengi, nafasi ya jina la mke iweze kurudiwa.

Kiswahili na ngeli zake

Violezo vya Kiingereza hulazimika kuuliza kama mhusika ni mwanamume au mwanamke ili viwakilishi vilingane. Kiswahili hakina mzigo huo, bali kina wa kwake: idadi na ngeli.

"Mmiliki atalitunza shamba lake" hugeuka "Wamiliki watalitunza shamba lao." Vivyo hivyo tunasema kiwanja kilichouzwa, shamba lililouzwa na nyumba iliyouzwa. Kila chaguo la aina ya mali lapaswa kubeba nyuma yake maumbo yote ya maneno yanayoambatana nalo.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini.

Mambo ya kuepuka

La kwanza ni jibu lililochaguliwa tayari. Iwapo "Mmiliki mmoja" imewekwa alama tangu mwanzo, karani mwenye foleni mlangoni ataipita, na jina la mke litaachwa nje ya hati. Swali la umiliki lianze tupu, na lisirukike.

La pili ni machaguo yanayoingiliana. "Ameoa au ameolewa" na "Ana familia" hayawezi kukaa katika swali moja la jibu moja, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

La tatu ni kukosa mlango wa kutokea. Chaguo la "Nyingine" liwepo pamoja na nafasi ya maelezo, na katika swali la visanduku liwepo "Hakuna hata kimoja", ili ukimya usidhaniwe kuwa jibu.

La nne ni orodha ndefu. Machaguo machache yaonekane yote kwa pamoja, lakini majina ya vijiji yatanguliwe na swali la wilaya ili orodha ipungue.

La mwisho ni kutokujaribu. Maswali matatu yenye machaguo mawili, sita na matatu huzaa nyaraka 36 tofauti. Kila chaguo lijaribiwe walau mara moja, na yale yanayogusa kifungu kimoja yajaribiwe kwa mchanganyiko wake wote. Waraka uchapwe na usomwe hadi mwisho.

Hata kiolezo kikiwa bora, hati isomwe kwa sauti mbele ya wahusika kabla hawajaweka saini au dole gumba. Kosa likigunduliwa hapo hurekebishwa kwa dakika chache. Likigunduliwa baada ya usajili, au baada ya msiba, huenda likahitaji baraza au mahakama.