Shene, meno ao mkanda? Pikipiki ndogo zinatufundisha nini

Tukienda kununua pikipiki tunauliza bei na esanse. Namna nguvu ya mota inafika ku tairi, hatuulizi. Kumbe historia inaonyesha kama njia njo inachagua.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, Waingereza walitengeneza Welbike, kapikipiki ka kuangusha kwa parashuti, mota ya sentimita za ujazo 98. Walitumia shene: ni nyepesi na mafundi wanaijua.

Mwaka 1946, VéloSolex ya Ufaransa ilitia karolea kenye kusukuma tairi ya mbele kwa kuisugua. Rahisi kabisa, lakini mvua ikinyesha kanateleza. Mwaka ule ule Vespa ya Italia iliacha shene: mota ilikaa karibu na tairi ya nyuma, ikaizungusha kwa meno. Nguo hazichafuki, lakini meno yakivunjika, unafungua mota.

Mwaka 1958, wakati barabara nyingi za Japani zilikuwa bado za udongo, Honda ilileta Super Cub. Ilibakiza shene, ila ikaifunika yote, vumbi na matope visiingie.

Leo skuta nyingi ziko na mkanda wa mpira. Hauombi grisi, hubadilishi vitesi. Ku lami ni raha. Ukikatika porini, hauungwe. Shene ikikatika, fundi wa kijiji anatosha pingili moja, anaunga, unaendelea.

Sisi wenye kutosha mihogo shambani tuulize kwanza njia, kisha rangi.