Uso Usio na Taji

Hebu toa noti ya shilingi 1,000 mfukoni, uitazame kama unavyotazama picha ya ukutani. Mimi nilifundishwa hivyo na bibi yangu, kwetu Ndundu, kando ya Rufiji. Kwenye kibweta chake alitunza noti mbili kuukuu.

Ya kwanza ilikuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, enzi za Mwingereza. Malkia Elizabeth yupo pale na taji lake. Mchoraji hakuhitaji kueleza cheo, taji limeshasema. Na uso umetulia, hauna hasira wala tabasamu pana, maana aliye juu habembelezi anayemtazama.

Mwaka 1964 Bodi hiyo ilitoa noti zisizo na uso wa mtu, ila chombo cha tanga kwenye Ziwa Victoria. Malkia kaondoka, kiti hakijapata mwenyewe. Kisha Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikatoa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100, zote zina uso wa Nyerere. Hiyo ndiyo noti ya pili ya bibi. Kijana, kichwa wazi, hana taji wala nishani. Ni mwalimu, basi.

Nikasema, huyu mnyenyekevu. Bibi akacheka: "Kichwa wazi, mume wangu, lakini neno lake lilifika mpaka bondeni. La yule mwenye taji tulilijua kwa kodi tu."

Alikuwa anakumbuka mafuriko ya 1968, na serikali ilivyowahamishia wakulima wa bondeni kwenye vijiji vya ujamaa mwinukoni, huku mashamba yakibaki chini. Ndipo nilipoelewa: mchoro ule unasema unyenyekevu na mamlaka kwa pamoja. Ambaye uso wake uko kila mfukoni, taji la nini?

Leo simba yuko kwenye 2,000, kifaru 5,000, tembo 10,000. Karume yuko kwenye sarafu ya 500. Mwalimu amebaki kwenye noti ndogo kuliko zote, ile ya fungu la nyanya na nauli ya bodaboda, inayolowa jasho na kuchakaa upesi. Sijui mchoraji gani angeweza kupanga cheo kama hicho. Kimepangwa na bei za vitu. Itazame tena noti yako. Mkunjo umepita wapi usoni?