AERMOD katika utafiti wa hewa ya mpakani Busia
Programu ya kompyuta inayokadiria mtawanyiko wa hewa chafu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 na hupatikana bure, nafuu kubwa kwa mwanafunzi. Kwa eneo la Mundika, kaunti ya Busia, foleni ya malori ya barabara ya Kisumu–Busia huingizwa kama chanzo cha mstari, si kama bomba la moshi la kiwanda. Pa kuwa makini zaidi ni viwianishi: Busia iko kaskazini mwa Ikweta, ukanda wa 36 Kaskazini wa mfumo wa ramani wa UTM, ilhali mji wa Kisumu uko kusini. Data ya upepo na jua nayo ifuate saa za Kenya, UTC+3. Iliyo katika UTC isiporekebishwa, jua la adhuhuri huhesabiwa kuwa la saa tatu asubuhi. Matokeo husomwa kwa mikrogramu kwa mita ya ujazo.