Swichi Huku, Mlango Kule

Mwaka 1998 nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, sina kazi, nakaa kwa mjomba wangu Tengeru. Mjomba alikuwa mhudumu katika jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano mjini Arusha. Mwaka ule alinunua kompyuta kuukuu ya 486 kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa katika jengo hilo. Pamoja nayo alipewa diski ya mchezo uitwao Hexen.

Ndugu msomaji, usiudharau mchezo huo. Ulitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Raven Software ya Marekani. Unatazama kwa macho ya shujaa mwenyewe. Mbele yako huoni ila mikono yake na silaha. Unachagua uwe mpiganaji, kasisi au mchawi, kisha unaingia katika nchi ya giza, yenye mahekalu, vinamasi na makaburi, huku majitu yenye vichwa viwili yakikuwinda.

Lakini majitu hayakuwa tabu. Tabu ilikuwa swichi. Unavuta swichi ukutani, hapafunguki kitu. Unaona maandishi tu kwamba theluthi moja ya fumbo imefumbuliwa, tena katika ukumbi mwingine ulioupita zamani. Basi unarudi ulikotoka, unapapasa kuta. Katika sehemu ya kwanza, Milango Saba, nilizunguka wiki tatu nzima. Mara nyingine umeme wa mgawo ulikatika kabla sijahifadhi, nikaanza upya.

Jioni ya tarehe 2 Septemba 1998 mjomba alichelewa kurudi. Nilimwamkia bila kugeuka, vidole vikiwa kazini. Akaitika, akasimama nyuma yangu.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "ukiuawa humo inakuwaje?"

"Narudi pale nilipohifadhi, naanza tena."

Akanyamaza kitambo. "Leo wamemtia hatiani Akayesu, yule aliyekuwa meya wa Taba. Waliokufa kule hawakuhifadhiwa popote."

Akaenda kulala bila kula. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Nilizima mashine. Ndipo nilipoanza kuhesabu swichi. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na watoto wa umri wangu tukakua bila kuiona hata moja. Mwaka 1994 watu zaidi ya 800,000 waliuawa Rwanda kwa muda wa siku mia hivi. Novemba mwaka huo Baraza la Usalama likaunda mahakama, na Februari 1995 likaamua ikae Arusha. Wakaja mawakili, makarani na mashine zao. Mashine moja ikafika sebuleni kwetu. Kumbe mchezo wangu uliingia kwa mlango uliofunguliwa na vilio vya watu.

Jumamosi iliyofuata nilipokuwa naenda sokoni nilipita makaburi ya Wapolandi, karibu na chuo cha mifugo. Nilikuwa nimeyapita tangu utotoni kama mtu apitavyo ukuta. Siku ile niliingia. Watu hao walichukuliwa makwao na utawala wa Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoivamia Urusi, Stalin akakubali kuwaachia. Wakapitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 wapatao 5,000, wengi wao kina mama na watoto, wakaletwa Tengeru. Zaidi ya mia moja hawakuondoka tena. Amri ilitolewa Moscow, kaburi likachimbwa chini ya Mlima Meru.

Hexen sikuumaliza. Mahakama nayo ilifunga kazi mwishoni mwa mwaka 2015, na mjomba amekwisha kustaafu. Siwakatazi wanangu michezo ya namna hiyo. Mimi ilinifundisha subira. Ila huwaambia neno moja: ukiukuta mlango uko wazi, kabla hujaingia, uliza ni nani aliyeifungua njia hiyo, na alilipa nini.