Taharuki: istilahi ya kuanzia riwaya ya kutisha

Anayejiandaa kuandika riwaya ya kutisha aghalabu huanza kwa kutafuta dude: jini, mzuka, fisi wa mchawi. Mimi ningemsihi aanze na taharuki.

Wanafunzi wa sekondari huifahamu istilahi hii: hamu iliyochanganyika na wasiwasi wa kutaka kujua litakalofuata. Kwa Kiingereza ni suspense, neno lenye asili ya Kilatini, la kitu kilichotundikwa. Sisi tulichukua neno lenye mzizi wa Kiarabu wa mwendo, ambalo tayari lilikuwa midomoni mwa watu. Kijiji kikisikia simba ameonekana mtoni, watu hutaharuki: huitana, huhesabu watoto, hufunga milango mapema. Istilahi yetu imebeba mwili mzima, na naipenda kwa hilo.

Taharuki si mshtuko. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, mtazamaji hushtuka mara moja, basi. Akijua limetegwa huku waliokaa mezani wakiendelea kupiga soga, kila neno lao humtesa.

Sasa uje bonde la Kilombero. Msimu wa mpunga, familia nyingi huhamia mashambani, mbali na Ifakara na vijiji vyao, na usiku mtu hulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori akiwa juu ya dungu. Msomaji aonyeshwe jioni kwamba maji yamefika kipandio cha kwanza cha ngazi. Usiku mlinzi anasikia chubwi, anadhani ni nguruwe, anapiga debe, kisha anamtuma mdogo wake ashuke akaangalie. Hakuna jini hapo, lakini msomaji ameshataharuki.

Kwa hiyo maandalizi yenyewe ni kugawa ujuzi. Kwa kila sura, daftari lijibu: msomaji anajua nini, mhusika anajua nini, nani anaficha. Mazingira nayo yapimwe kwa wakati wa hadithi. Anayetaka wahusika wakwame ng'ambo ya mto kwa kukosa kivuko aiweke hadithi kabla ya daraja la Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018.

Uchawi je? Bonde hili lina kisa kizito kuliko mizuka ya kubuni. Mwanaanthropolojia Maia Green, katika kitabu chake cha mwaka 2003, ameandika kuhusu Wapogoro waliopelekana kijiji cha Ihowanja, kwa mganga Bibi Kalembwana, kunyolewa nywele ili kuondolewa uchawi. Mtuhumiwa alinyolewa, na aliyemtuhumu pia. Hebu ifikirie safari hiyo: ndugu wawili njia moja, wanagawana ugali, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Hapo mwandishi ana uamuzi mgumu. Akimpa mmoja wao macho mekundu ili msomaji amtambue mchawi, ameua taharuki, tena amefanya ubaya: nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni. Ningemshauri msomaji apewe siri ndogo ya kila mmoja, kwa mfano deni la gunia la mpunga, au dawa iliyofungwa kwenye pindo la kanga, na asiambiwe ipi ndiyo yenye madhara mpaka wembe utakapotolewa.