Kamba, Mnyororo na Shahidi: Mwanzo wa Upimaji wa Ardhi Katika Pwani ya Mrima

Apitaye Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam upande wa Kinondoni, huona bikoni za saruji zimesimama majanini, kila moja na namba yake. Si mbali na bikoni hizo husimama pengine mwembe wa kale usio na namba yoyote, ila wenyeji wa siku nyingi huujua kuwa ni mpaka. Alama hizi mbili ni za elimu mbili zilizokutana katika pwani ya Mrima. Habari za upimaji wa ardhi katika nchi hii ni habari za makutano hayo, na za hasara iliyomfika mtu ambaye elimu yake haikuandikwa.

Watu wa Mrima hawakungoja mgeni awafundishe kupima. Walikuwa na dhiraa, yaani urefu wa mkono toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Walikuwa na pima, ambayo ni dhiraa 4. Na penye masafa walitumia kamba na hatua. Lakini shamba halikutajwa sana kwa mapana na marefu yake. Lilitajwa kwa hesabu ya minazi. Tena mwenye minazi hakuwa lazima mwenye udongo: mtu aliweza kupanda katika ardhi ya mwenziwe kwa idhini, miti ikawa yake na ardhi ikabaki ya mwenyewe. Mpaka ulikuwa mti, kijito au safu ya minyaa. Mijini zilikuwako hati zilizoandikwa kwa Kiarabu. Shamba, hati ilikuwa kinywa cha jirani. Jumbe na wazee wakishuhudia, neno lilikuwa limekwisha.

Vipimo vya Wazungu vilianzia majini. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Nahodha Owen wa Uingereza alipima mwambao huu kwa ajili ya ramani za bahari. Kazi yake iliwafaa mabaharia, wala haikumwondoa mtu shambani mwake. Mambo yalibadilika vipimo vilipopanda nchi kavu. Katika miaka ya 1885 na 1886 tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilichunguza mamlaka ya Sultani wa Zanzibar yalifika wapi. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, ambaye baadaye alipata sifa ya vita. Mwishowe Sultani aliachiwa ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Mahali palipo Madale leo pamo ndani ya ukanda huo. Kwa hivyo pwani yote ilikatwa kwa makubaliano ya mbali, na walioishi juu yake hawakuulizwa.

Kwa mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha kampuni ya Wadachi sehemu ya kusini ya ukanda huo. Kampuni ilipoanza kutawala mwezi wa Agosti, iliwataka wenye mali waiandikishe na kuleta uthibitisho. Kwa mgeni hili lilikuwa jambo la ofisi. Kwa mwenyeji lilikuwa swali la ajabu, maana aliambiwa athibitishe kile ambacho kila jirani alikijua. Dai hilo likawa moja katika sababu za vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani. Vita vilishindwa, na dai likabaki.

Mnamo tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kidachi ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Taji. Haki za watu, za machifu na za jamii zilitajwa kuwa zitaheshimiwa. Lakini waraka wa mwaka 1896 ulieleza namna ya kuzithibitisha. Mwenye hati alihesabiwa kuwa mmiliki. Asiye na hati, hata akiwa amelima maisha yake yote, alihesabiwa kuwa mkaaji tu. Wakaaji waliamriwa watengewe ardhi mara nne ya ile waliyoilima. Hesabu hiyo yaweza kuonekana ya ukarimu, lakini ilipima jembe la mwaka ule, wala haikupima ardhi iliyopumzishwa, wala malisho, wala msitu wa kuni na dawa. Palipokuwa kimya, mpimaji alidhani ni patupu. Hadi utawala wa Wadachi ulipokwisha, ekari zipatazo 1,300,000 zilikuwa zimetolewa kwa wageni.

Wala kosa hili halikuwa la Wadachi peke yao. Katika pwani ya Kenya sheria ya mwaka 1908 iliwataka wadai wote walete madai yao mbele ya msajili wa milki. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wenye karatasi walipata. Wamijikenda wengi, ambao mashahidi wao walikuwa miti na makaburi, wakawa maskwota juu ya ardhi ya wazee wao. Katika Tanganyika, sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma, na mwaka 1928 ilirekebishwa ili haki ya mwenyeji atumiaye ardhi kwa mila itambuliwe. Kinywa cha jirani kikaanza kusikilizwa tena, ingawa kwa sauti ndogo.

Elimu ya mnyororo nayo ikafika mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1956 shule ya upimaji ilianzishwa Mgulani, Temeke. Mwaka 1958 ikahamia kilima kilicho jirani na Chuo Kikuu, na ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Ardhi. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000 katika viunga vya jiji. Hata hivyo mji umekua upesi kuliko mpimaji. Wengi wa viungani walinunua shamba kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na majirani wakatia sahihi. Bikoni zikafuata baada ya nyumba.

Kwa hiyo katika urasimishaji wa makazi majirani huitwa kuonyesha mipaka kabla bikoni hazijafukiwa. Desturi hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo iliyokosekana mwaka 1896. Chombo cha kupimia husema ardhi ni kubwa kiasi gani, na husema kweli. Lakini ni ya nani, chombo hakijui. Hilo hujulikana kwa kuuliza, na aliyepima bila kuuliza alikosea hata pale hesabu yake ilipokuwa sahihi.