Kulipa zaidi ili upate pungufu

Haya wasomaji, leo siasa naiweka kando. Leo naongelea gari.

Pasaka ya mwaka 1974 mzee wangu alikuwa mtoto, akasimama kando ya barabara ya vumbi kuona Safari Rally ikipita. Kila akisimulia, jina la kwanza kutaja ni Joginder Singh, Simba wa Kenya, aliyeshinda mwaka huo na Mitsubishi Lancer 1600. Lakini mlio anaouigiza kwa mdomo ni wa gari lililoshika nafasi ya pili: Porsche 911 Carrera RS ya Msweden Björn Waldegård. Kwa hiyo mlio wake niliujua kabla ya kuijua sura yake. Nilipokuja kufuatilia historia yake, nikakuta kisa kinachotuhusu hata sisi tunaopanda matatu.

Porsche 911 ilianza kuuzwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 kanuni mpya zikalifungia nje ya ubingwa wa dunia gari lao la mashindano lililokuwa likitamba, yaani 917. Mkuu wa kampuni, Ernst Fuhrmann, akaamua warudi kwenye 911. Sharti lilikuwa moja: ili ikubaliwe kushindana, lazima yatengenezwe magari 500 ya kuuzia watu. Watu wa mauzo wakaingiwa na wasiwasi. Nani atanunua?

Wahandisi wakaanza kuivua 911 kitu kimoja kimoja. Bati likawa jembamba, vioo vikawa vyembamba. Viti vya nyuma, toa. Saa, toa. Kapeti nzito, toa. Mlango ukawa unafungwa kwa kuvuta mkanda. Hata nembo ya mbele ikawa stika. Uzito ukashuka hadi kilo 960 hivi, na injini ya lita 2.7 ikatoa nguvu farasi 210. Nyuma wakaweka kibawa kidogo kama mkia wa bata, maana katika mwendo mkali upepo ulikuwa unainyanyua 911 sehemu ya nyuma.

Kwa nini kuhangaika na kilo? Hesabu yake ni rahisi. Injini kubwa inakusaidia kuongeza mwendo tu. Wepesi unakusaidia kuongeza mwendo, kukata kona na kusimama. Tena kadiri vinavyopungua vitu kati yako na barabara, ndivyo mikono yako kwenye usukani inavyojua mapema tairi linataka kufanya nini.

Sasa sikieni bei. Gari lilikuwa marki 34,000 za Ujerumani. Ukitaka toleo jepesi, Sport, unaongeza 700. Ndiyo, unalipa zaidi ili upate pungufu! Ukitaka starehe zirudishwe, toleo la Touring, unaongeza 2,500.

RS ilioneshwa Paris Oktoba 1972, na ndani ya wiki chache zote 500 zikawa zimepata wenyewe. Mpaka uzalishaji unaisha mwaka 1973, yalikuwa yametoka magari 1,580. Lakini angalieni mgawanyo: Touring 1,308, Sport 200 tu. Yaliyobaki yalikuwa ya mashindano na ya kupimwa na wakaguzi. Yaani watu walilipenda gari kwa sababu ya wepesi wake, kisha wengi wao wakalipa uzito urudishwe.

Siwacheki. Ningekuwa na pesa hizo mwaka 1973, na mke na mtoto wa kupeleka shule, hata mimi ningechukua Touring. Sote tunasifia maisha mepesi huku tukiongeza mizigo.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Leo Sport zile chache zimefika mnadani zikauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Gari la bei hiyo nani atalipeleka kwenye kona kali, achilia mbali vumbi la Safari? Mengi hukaa ndani, yamefunikwa turubai, yakingoja bei ipande. Walitoa kila kitu ili abaki dereva. Sasa naye katolewa.

Nilimweleza mzee habari ya mamilioni hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na bado linalia vile?"

Sikuwa na jibu. Wewe ungekuwa nalo, ungeliendesha au ungelifunika?